Kutoka Pishi hadi Mita: Historia ya Uzito na Ujazo wa Mafuta katika Kiswahili cha Njia ya Dar es Salaam hadi Gitega

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna Kiswahili kilivyotaja uzito na ujazo wa bidhaa zinazomiminika, hususan mafuta, katika njia ya biashara itokayo Dar es Salaam kupitia Kobero hadi Gitega, Burundi. Hoja kuu ni kwamba wafanyabiashara wa pwani walikuwa na lugha iliyotofautisha chombo na mizani, pamoja na ujuzi wa kuvuka kutoka kimoja hadi kingine. Kuja kwa debe, galoni, lita na tani kuliongeza majina ya vipimo bila kuleta jina linalokubalika la daraja lililo kati yake. Matokeo yake yanaonekana leo katika hati za mafuta, ambazo anayebeba hasara hawezi kuzikagua. Makala yanapendekeza mambo machache ya kiistilahi kwa taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Utangulizi

Mafuta yanayotumika Gitega hubadilishwa kipimo mara kadhaa kabla ya kufika katika tangi la gari. Katika zabuni za uagizaji wa pamoja zinazofanyika Tanzania, shehena hununuliwa kwa tani. Yakiingia katika matangi ya ghala hupimwa kwa mita za ujazo. Barabarani, lori linalokuja Burundi hupandishwa kwenye mizani, ambako hesabu hurudi kuwa ya kilo. Kituoni, mkaazi wa Musinzira hulipa kwa lita. Kila hatua ina kipimo chake halali, na hakuna kilicho cha uongo. Tatizo liko katika kuvuka kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Kanuni ya kuvuka ni fupi. Ujazo hupatikana kwa kugawa tungamo, yaani kiasi cha maada kinachopimwa kwa kilo, kwa densiti, yaani kilo zilizomo katika lita moja. Ikiwa mafuta yanatembea katika bomba au mashine, kanuni haibadiliki: mtiririko wa ujazo, kwa mfano lita kwa saa, ni mtiririko wa tungamo, kilo kwa saa, uliogawanywa kwa densiti hiyohiyo. Petroli huwa na densiti ya karibu kilo 0.745 kwa lita, mafuta ya taa 0.80, na dizeli 0.84, takwimu hizi hupanda au kushuka kidogo kulingana na kiwanda kilichosafisha na joto la siku. Hivyo tani moja ya petroli ni takriban lita 1,342, ya mafuta ya taa lita 1,250, na ya dizeli lita 1,190.

Mwanafizikia angeishia hapo. Mtafiti wa lugha anaanzia hapo, kwa sababu swali lake ni tofauti: watu walioibeba bidhaa hii kwa zaidi ya karne moja waliliitaje daraja hili, na kwa nini leo, kati ya Dar es Salaam na Gitega, hakuna jina moja ambalo mpimaji, dereva, afisa wa forodha na mwenye kituo wote watalielewa?

Pishi, frasila na mfuto

Biashara ya pwani kabla ya ukoloni ilikuwa na familia mbili za vipimo. Ya kwanza ni ya chombo: kibaba, na pishi iliyokuwa vibaba vinne. Ya pili ni ya mizani: wakia, ratili na frasila. Nafaka iliyouzwa mtaani ilipimwa kwa chombo. Pembe, karafuu na sandarusi zilizosafirishwa mbali zilipimwa kwa frasila, takriban kilo 16. Mgawanyo huu una mantiki. Anayepika hutaka kujua chungu kitajaa kiasi gani, ilhali anayebeba mzigo, iwe ni mpagazi au jahazi, hutaka kujua uzito.

Mfanyabiashara alivuka kutoka familia moja hadi nyingine kwa ujuzi wa bidhaa yenyewe. Pishi ya mchele ilikadiriwa kuwa karibu ratili 6, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu aliyedhani kwamba pishi ya bidhaa nyingine yoyote ingekuwa na uzito huohuo. Densiti haikuwa na jina. Ilikuwa imefichwa ndani ya jina la bidhaa. Ukisema “pishi ya mchele” ulikuwa umekwisha kusema uzito.

Jambo la pili ni la maana zaidi kwa hoja yetu. Kiswahili kilitofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto ni kilichofutwa juu kwa kijiti au kwa kiganja hadi kikawa sawasawa na mdomo wa chombo. Cha tele ni kilichorundikwa hadi kikafanya kichuguu. Wanunuzi na wauzaji walijua kwamba chombo kilekile kinaweza kutoa kiasi mbili, na lugha iliwapa neno la kutaja kipi kimekubaliwa. Hili si jambo dogo. Ni wazo la ujazo wa rejea, yaani ujazo uliokubaliwa chini ya sharti maalumu, dhidi ya ujazo unaoonekana kwa macho. Tutalihitaji wazo hili tutakapofika kwenye joto la mafuta. (Methali ya haba na haba haisemi kibaba kilichojazwa ni cha mfuto au cha tele, kwa mshairi haidhuru, kwa mfanyabiashara ingedhuru.)

Debe lililobaki baada ya mafuta kwisha

Mafuta ya taa yalipoanza kuingia Afrika Mashariki kwa wingi, yalikuja ndani ya makopo ya bati ya pembe nne, mawili katika kila sanduku la mbao. Kopo hilo ndilo tunaloliita debe, neno lenye asili katika lugha za Bara Hindi. Katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza debe lilihesabiwa kuwa galoni 4 za Kiingereza, yaani takriban lita 18.2. Makopo yaliyojazwa Marekani yalikuwa ya galoni 5 za huko, takriban lita 18.9. Kwa jicho ni kopo lilelile; kwa hesabu kuna tofauti ya karibu robo tatu ya lita.

Historia ya debe ni ya kushangaza kwa kuwa chombo kiliishi kuliko kilichokuwa ndani yake. Mafuta yalipokwisha, kopo liliezeka nyumba, likabeba maji, na zaidi ya yote likawa kipimo cha nafaka. Hadi leo mahindi, mpunga, maharage na mkaa huuzwa kwa debe. Hapo ndipo kitu kilipopotea. Pishi ilikuwa chombo kilichozaliwa sokoni, na mazoea yake ya mfuto na tele yalizaliwa nacho. Debe lilikuwa kifungashio kilichoingia katika kazi ya kupimia bila masharti hayo. Ugomvi wa rumbesa ambao Wakala wa Vipimo wa Tanzania umekuwa ukiupigia vita, magunia yanayoshonewa kilemba juu ili mkulima atoe zaidi kwa bei ileile, ni ugomvi wa tele bila mfuto. Serikali imejibu kwa kudai mizani, na imefanya vyema, ingawa lugha ya soko bado ni ya chombo.

Burundi ilipata debe na ndugu yake, bidoni, kutoka neno la Kifaransa. Bidoni ya lita 20 ndiyo kipimo cha mawese, cha maji, na katika miaka ya shida, cha mafuta ya gari. Ikijaa maji ina kilo 20, ikijaa mawese kilo 18 hivi, ikijaa dizeli chini kidogo ya kilo 17, na ikijaa petroli kilo 15. Anayeibeba kichwani anajua tofauti hiyo kwa shingo yake. Hana neno la kuitaja zaidi ya kusema hii ni nyepesi, ile ni nzito, na katika mazungumzo ya kawaida uzito huo husemwa kuwa wa bidoni, si wa lita.

Galoni upande mmoja, lita upande mwingine

Gitega ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1912 ikiwa makao ya mwakilishi wao katika Urundi. Kiswahili kilikuja pamoja na askari, makarani na wachuuzi, na mitaa ya mji iliyokaliwa na watu hao ikawa mitaa ya Kiswahili. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuanza kutumia mfumo wa metriki tangu mwaka 1872, hivyo kilo na lita ziliingia Urundi mapema. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya vita, Ubelgiji ikashika Ruanda-Urundi na Uingereza ikashika Tanganyika, na mpaka wa utawala ukawa pia mpaka wa vipimo.

Mkataba wa Milner na Orts wa tarehe 15 Machi 1921 uliipa Ubelgiji haki ya kupitisha mizigo yake na kuwa na maeneo yake bandarini Dar es Salaam na Kigoma, yale yaliyojulikana kama Belbase. Bidhaa ilipitishwa bila ushuru wa Tanganyika. Lakini ilipitishwa katika nchi ya galoni na ratili ikienda katika nchi ya lita na kilo. Tani yenyewe ilikuwa na sura mbili: tani ya Kiingereza ya kilo 1,016 na tani ya metriki ya kilo 1,000. Kiswahili kiliita zote tani, kama kilivyoita galoni ya Kiingereza (lita 4.546) na ya Marekani (lita 3.785) kwa jina moja. Neno moja kubeba vitu viwili si kosa la lugha; lugha zote hufanya hivyo. Linakuwa hatari pale tu neno hilo linapoandikwa katika hati bila kitu kingine cha kulifafanua.

Nchi za Afrika Mashariki zilipohamia mfumo wa metriki mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, tofauti ya galoni na lita ilianza kufifia. Huenda ndiyo maana wengi walidhani suala la vipimo limekwisha. Pipa lilibaki. Msikilizaji wa redio husikia bei ya pipa la mafuta ghafi, ambalo katika biashara ya dunia ni takriban lita 159, huku pipa analolijua yeye, la chuma, lililo nyuma ya duka, ni la lita 200 hivi.

Petroli si petroli

Ukienda kutoka Ngara kuingia Muyinga, maneno ya mafuta hubadilika kabla ya bei kubadilika. Katika Tanzania petroli ni mafuta ya injini nyepesi. Katika Burundi na Kongo ya mashariki hayo huitwa esansi, kutoka Kifaransa, na dizeli huitwa mazutu. Neno petroli au peteroli, kwa wazungumzaji wengi wa upande huo, ni mafuta ya taa, kwa sababu hiyo ndiyo maana ya neno hilo katika Kifaransa walichokirithi kwa Wabelgiji. Kirundi nacho kina igitoro, neno la jumla ambalo siku hizi hutumika kwa mafuta yote ya injini, hasa linapotajwa kuhusu uhaba. Kuna na msamiati wa pembeni: katika miji ya Kongo ya mashariki muuzaji wa mafuta ya chupa barabarani huitwa kadhafi, kwa jina la aliyekuwa kiongozi wa Libya, mzaha ambao hauhitaji maelezo.

Tofauti hizi kwa kawaida huchukuliwa kuwa mambo ya kuchekesha ya lahaja. Nadhani ni zaidi ya hapo, kwa sababu jina la bidhaa ndilo linalochagua densiti. Tuseme hati inaonyesha tani 27 za “petroli”, bila kutaja zaidi. Anayelisoma neno kwa maana ya Tanzania atagawa kwa 0.745 na kupata takriban lita 36,200. Anayelisoma kwa maana ya Burundi atagawa kwa 0.80 na kupata lita 33,750. Kati ya wasomaji wawili waaminifu, wote wakijua hesabu, kuna tofauti ya karibu lita 2,500, na chanzo chake ni neno moja tu. Kwa kweli hati rasmi huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa na huwa na majina kamili ya kibiashara, na hilo limezuia madhara mengi. Lakini Kiswahili sasa kinaombwa kuchukua nafasi hiyo. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Siku hati ya mafuta itakapoandikwa kwa Kiswahili, petroli itaandikwa kwa maana ya nani?

Vikwazo ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi tangu Julai 1996 hadi Januari 1999 vilizidisha lugha ya chombo. Mafuta yaliyoingia kwa magendo hayakuwa na hati ya tani wala mita ya lita. Yalikuwa na bidoni na chupa. Uhaba uliojirudia na kushika kasi tangu mwaka 2022 umewarudisha wengi katika msamiati huohuo. Kwa hiyo kizazi kilichosoma mfumo wa metriki shuleni kimejifunza kununua mafuta kwa chombo, kama babu zao walivyonunua mafuta ya taa.

Tani bandarini, lita Kobero

Mwezi Februari 2016 Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, alifika bandarini Dar es Salaam na kuhoji kwa nini mita za kupimia mafuta yanayoshushwa kutoka melini hazikuwa zikitumika, na upimaji ukawa unafanyika kwa kijiti kinachotumbukizwa katika matangi. Suala hilo likawa la taifa. Magazeti na vikao viliijadili mita kama macho ya serikali, na kijiti kama mlango wa wizi.

Sina hoja ya kutetea kijiti. Ninachokiona kama mtafiti wa lugha ni kwamba katika mjadala wote wa hadhara neno densiti halikupata nafasi, wala halikuwa na neno la Kiswahili la kulisimamia. Mita ya kawaida ya mtiririko husoma ujazo unaopita. Kijiti husoma kina cha mafuta, na kina hubadilishwa kuwa ujazo kwa jedwali la tangi. Hati ya shehena ilisema tani. Vyombo vyote viwili, kizuri na kibovu, vinatoa ujazo wa wakati ule na joto lile, na ili kulinganisha na tani lazima mtu apime joto, apime densiti, na afanye hesabu. Mita isiyoambatana na kipimo cha joto na cha densiti inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isijibu swali aliloulizwa. Zipo mita zinazosoma tungamo moja kwa moja, lakini mjadala haukufika huko.

Hapa ndipo mfuto na tele zinaporudi. Petroli hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika 10,000 kwa kila nyuzi moja ya joto, na dizeli kwa takriban sehemu 8. Chukua lori la lita 36,000 za petroli lililojazwa Dar es Salaam kwenye nyuzi 30. Gitega iko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,500, na asubuhi mafuta hayo yanaweza kuwa na nyuzi 20. Ujazo utakuwa umepungua kwa takriban lita 430 bila tone moja kumwagika wala kuibwa. Kwa dizeli upungufu ungekuwa karibu lita 300. Katika mizani, uzito ni uleule.

Biashara ya dunia imelitatua hili kwa kukubaliana joto la rejea. Ulaya ya bara hutumia nyuzi 15, Kenya hutumia nyuzi 20, na Marekani hutumia nyuzi 60 za Fahrenheit, sawa na 15.6 za Selsiasi. Lita iliyorekebishwa hadi joto la rejea ni lita ya mfuto. Lita iliyopimwa juani Dar es Salaam ni lita ya tele. Hata huo mfuto wenyewe ni wa aina mbili katika njia yetu: aliyesoma kwa vitabu vya Kifaransa amezoea nyuzi 15, na jirani yake amezoea 20, na tofauti ya nyuzi tano katika lori lile la petroli ni zaidi ya lita 200.

Anayeumia ni nani? Kwa kawaida ni dereva. Mwenye mzigo akiona lita 430 hazipo, neno la kwanza linalomjia ni wizi, na wizi wa mafuta barabarani ni jambo la kweli, hivyo dhana yake haitoki hewani. Dereva hana lugha ya kujitetea. Akisema “mafuta yamepungua kwa baridi” atachekwa. Akisema ujazo umepungua lakini uzito haukupungua, anahitaji msikilizaji anayekubali kwamba hivyo ni vitu viwili, na karatasi inayoonyesha vyote viwili. Mara nyingi karatasi ina lita tu. Yale mizani aliyopitia Vigwaza na kwingineko, ambako lori lake lilipimwa kilo kwa kilo ili kutekeleza Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013, yangeweza kuwa shahidi wake mzuri, lakini risiti za mizani hutunzwa kwa ajili ya barabara, si kwa ajili ya mafuta. Wala si dereva pekee. Msimamizi wa magari asiyejua densiti akidhani lita 36,000 ni mzigo mmoja daima, atashangaa mizani ikionyesha karibu kilo 26,800 kwa petroli na zaidi ya kilo 30,200 kwa dizeli.

Namba isiyo na jina

Mfano maarufu zaidi wa gharama ya daraja lisilo na jina haukutokea kwetu. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani ikitoka Montreal kwenda Edmonton, ikatua kama tiara kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Manitoba, bila mtu kufa. Canada ilikuwa katika kuhamia metriki. Safari ilihitaji kilo 22,300. Katika matangi kulikuwa na lita 7,682. Wafanyakazi walizidisha lita hizo kwa 1.77, wakaamini wamepata kilo, na wakaongeza takriban lita 4,900 badala ya lita 20,100 zilizohitajika. Namba 1.77 ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ya ratili kwa lita. Kwa kilo ilipaswa kuwa karibu 0.80.

Kilichonivutia katika kisa hiki ni kwamba namba hiyo iliandikwa kwenye karatasi za mafuta kama uzito linganishi, yaani mara ngapi kitu ni kizito kuliko maji, bila kutaja ratili wala lita. Kama jina hilo lingekuwa hai kichwani mwa aliyelisoma, lingemzuia palepale. Kimiminika chenye uzito linganishi wa 1.77 huzama katika maji. Kila mtoto aliyewahi kumwaga mafuta ya taa kwenye ndoo anajua kwamba mafuta huelea. Istilahi ilikuwepo, katika lugha yenye istilahi nyingi kuliko yetu, lakini ilikuwa imekufa. Ilibaki lebo juu ya namba. Wanaodhani kuunda neno na kulichapisha katika kamusi kunamaliza kazi wakitazame kisa hiki.

Nyumbani hatari huwa ya polepole zaidi. Watengenezaji wa jenereta hutaja matumizi ya mafuta kwa gramu kwa kila kilowati-saa, kwa kuwa nishati hufuata tungamo na si ujazo. Jenereta inayotoa kilowati 500 kwa gramu 210 kwa kilowati-saa hutumia kilo 105 za dizeli kwa saa. Ukigawa kwa 0.84 unapata lita 125 kwa saa. Mhasibu wa hospitali au wa kiwanda cha kahawa anayesoma 105 na kuandika lita 105 atapungukiwa lita 20 kila saa, lita 480 kwa siku nzima. Atatafuta mwizi, na pengine atampata mtu wa kumfukuza kazi.

Istilahi na hati

Maneno yaliyopo si machache. Vitabu vya sayansi vya shule nchini Tanzania vina tungamo, na wengine huandika masi. Kwa upande mwingine wa daraja tuna ujazo na mjao. Kwa daraja lenyewe kuna densiti, na kuna wanaopendelea msongamano, neno ambalo kwa msomaji wa kawaida ni la magari barabarani na watu kwenye kivuko. Walimu wa Burundi, waliosoma sayansi kwa Kifaransa, wanafikiri kwa masse volumique, istilahi inayobeba maana yake wazi: tungamo la ujazo fulani. Densiti haifanyi hivyo kwa mtu asiyejua Kiingereza. Kwa maoni yangu densiti ibaki, kwa sababu imekwisha kuzoeleka madarasani na kuishindania sasa ni kupoteza muda, lakini isiachwe ikasimama peke yake katika hati ya biashara. Iandikwe na kipimo chake kwa maneno: kilo 0.745 kwa lita. Maneno “kwa lita” yanafanya kazi ambayo istilahi haiwezi kuifanya.

Uzito na uzani ni suala gumu zaidi. Fizikia hutaka tungamo, soko husema uzito, na mizani ya barabarani husema kilo. Sioni faida ya kulazimisha tungamo katika karatasi ya lori. Ni bora hati iandike kilo na kunyamaza, kuliko kuandika tungamo na dereva akauliza maana yake.

Kwa majina ya bidhaa ningekuwa mkali zaidi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na BAKITA na Ofisi ya Viwango ya Burundi, inapaswa kukubali kwamba petroli halifai kusimama peke yake katika hati inayovuka Kobero. Inaweza kuandikwa petroli/esansi, na mafuta ya taa yasiitwe kwa jina lingine lolote. Dizeli/mazutu vilevile. Wanaopenda usanifu wataona haya kuwa maandishi yasiyopendeza, na ni kweli hayapendezi. Usanifishaji uliozoeleka huchagua neno moja na kuyaacha mengine yafe. Hapa neno linaloachwa halitakufa; litaendelea kutumika kituoni Muyinga, likiwa na maana nyingine, na litakutana na hati.

Kuhusu joto, neno la mfuto linastahili kujaribiwa. Lita ya mfuto, kwa maana ya lita iliyorekebishwa hadi nyuzi 20, ni istilahi ambayo mzee wa pwani angeielewa bila maelezo, na kijana wa Gitega angeielezwa kwa dakika moja kwa kutumia kikombe cha mchele. Inafaa kuliko “lita sanifu”, ambayo inaweza kuwa sanifu kwa sababu yoyote. Nchi wanachama zikishindwa kukubaliana kati ya nyuzi 15 na 20, basi nyuzi ziandikwe kila mara.

Hati ya lori moja ingekuwa na mistari mitano ya Kiswahili: jina la bidhaa kwa majina yake mawili, kilo, densiti kwa kilo kwa lita, joto wakati wa kujaza, na lita za mfuto. Mpokeaji wa Gitega atapima joto la mafuta yanapofika, na kabla vali haijafunguliwa atajua, kwa simu yake ya mkononi na mbele ya dereva, ni lita ngapi anapaswa kuzikuta.